Kuchagua Gari la Rimoti Linalokufaa Nairobi: Mwongozo Kamili

Magari mengi ya rimoti yanayonunuliwa kwa furaha Luthuli Avenue siku ya Jumamosi huishia juu ya kabati kabla ya mwezi kwisha. Hayakuharibika yote. Mengine yalinunuliwa kwa ajili ya uwanja ambao mnunuzi hana, mengine yalikosa betri ya pili, na mengine yalivunjika kipande kimoja kidogo ambacho hakiuzwi popote mjini.

Wanaoniomba ushauri huniuliza kwanza gari lina kasi gani. Mimi huwauliza litaendeshwa wapi, na nani, na likiisha moto litachajiwa kwa muda gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo, na ninakusihi usiruke hatua, kwa kuwa kila hatua hupunguza idadi ya magari unayopaswa kuyafikiria katika hatua inayofuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda dukani

- Utepe wa kupimia, pamoja na karatasi na kalamu.
- Betri nane mpya za AA. Magari mengi huuzwa bila betri za rimoti, na muuzaji asiye na betri hawezi kukufanyia jaribio. Atakupa maneno tu.
- Bisibisi ndogo yenye ncha ya nyota, kwa sababu kifuniko cha betri mara nyingi hufungwa kwa skrubu.
- Mita ya umeme, kama unayo. Ile ya bei nafuu wanayotumia mafundi wa redio inatosha.
- Bajeti uliyoigawa mara nne. Mafungu matatu ni ya gari, na fungu la nne ni la betri ya pili na vipuri. Ukitumia mafungu yote manne kununua gari, umenunua gari kubwa kuliko uwezo wako wa kulitunza.

## Hatua ya 1: Pima uwanja

Pima mahali ambapo gari litaendeshwa siku nyingi za juma, wala si mahali unapotamani liendeshwe. Familia inayoishi ghorofa ya nne kule Pipeline ina ushoroba, ngazi na paa la kuanikia nguo. Familia ya Buruburu ina kijiua mbele ya nyumba na barabara ya ndani ya mtaa. Aliye Lang'ata huenda ana bustani ya nyasi. Hao watatu hawawezi kununua gari moja wakaridhika wote.

Pima urefu wa nafasi iliyonyooka, kisha ufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo ua wa mita 20 huisha kwa sekunde mbili na nusu, na mwanafunzi aliyeshtuka hajaondoa kidole kwenye rimoti gari limeshagonga ukuta. Kwa ua kama huo, gari la kilomita 10 hadi 15 kwa saa litakupa raha zaidi kuliko lile la kilomita 50 ambalo hutalifungulia hata siku moja.

Baada ya urefu, tazama ardhi yenyewe. Kabro ina mianya kati ya tofali na tofali, na gari lenye tumbo la chini hukwaruza kila mahali. Upande wa mashariki ya jiji, kama Embakasi, ardhi nyingi ni udongo mweusi ambao wakati wa mvua hung'ang'ania magurudumu mpaka yanajaa kama mandazi, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo gurudumu dogo huingia lote. Upande wa magharibi na kuelekea Kiambu udongo ni mwekundu, unaoendesheka vizuri ukiwa mkavu, lakini vumbi lake ni laini kama unga na hupenya kwenye gia na beringi. Kumbuka pia kwamba kuna mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba; gari lisilostahimili maji litakaa ndani miezi hiyo.

Onyo: paa la jengo si uwanja, hata likiwa pana kiasi gani. Gari la kilo mbili likiruka ukingo na kuanguka ghorofa tano chini linaweza kumuua mtu. Barabara ya umma nayo si uwanja, kwa kuwa dereva wa matatu hawezi kuona kitu chenye kimo cha sentimita 15.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuandika sentensi moja kama hii: "Uwanja wangu ni ua wa kabro, mita 18 kwa 6, una kizingiti cha sentimita 4 na mfereji upande wa kushoto."

## Hatua ya 2: Jua dereva ni nani

Mtoto wa chini ya miaka 3 asinunuliwe gari lenye vipande vidogo vinavyong'oka. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji rimoti ya vitufe viwili au vitatu na gari linalotambaa. Kuanzia miaka 6 au 7 mtoto huweza kuelewa jambo linalowashinda hata watu wazima mwanzoni: gari likija kuelekea kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Kuanzia miaka 10 hivi, akiwa na mtu mzima wa kumwongoza, anaweza kukabidhiwa gari la rimoti la kufunguliwa na kutengenezwa.

Kuna baba wanaomnunulia mtoto wa miaka minne gari la kilomita 60 kwa saa. Tuseme ukweli, hilo ni gari la baba, na hakuna ubaya wowote, mradi mtoto naye apate lake.

Onyo: baadhi ya rimoti ndogo hutumia betri bapa za mviringo kama za saa. Mtoto akiimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo lake kwa saa chache tu. Akimeza, mpeleke hospitalini mara moja, usisubiri dalili. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kulirudisha gari hilo kwenye rafu.

## Hatua ya 3: Amua kati ya kichezeo na gari la ufundi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu aina hizi mbili hufanana kwenye picha ya boksi.

Kichezeo kina bodi moja ya umeme inayofanya kazi zote. Bodi ikiungua, gari limekwisha. Gari la ufundi lina mota, kidhibiti mwendo, kipokezi cha mawimbi na sevo ya usukani (kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele), kila kimoja peke yake na kila kimoja kinaweza kubadilishwa. Gari la namna hii likivunjika, unanunua kipande kilichovunjika, unakaa chini na bisibisi yako, na jioni linatembea.

Ili kutofautisha dukani, ligeuze gari. La ufundi huwa na skrubu nyingi zinazoonekana, shokamzoba zenye springi zinazobonyea na kurudi polepole, na betri yenye waya na plagi. Kichezeo huwa na shokamzoba za mapambo: ukizibonyeza hazisogei, au zinasogea na kuruka kama kitanda cha springi cha zamani.

Miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana, Tamiya ya Japani huuza magari mengi yakiwa vipande ili mnunuzi ayaunde mwenyewe, Traxxas ya Marekani huuza yaliyo tayari kuendeshwa na yenye bei ya juu, na WLtoys ya China huuza madogo ya bei ya kadiri. Kwa anayeanza hapa Nairobi, mimi hupendekeza kundi hilo la mwisho. Bagi lake la namba 144001, yaani gari jepesi la kukimbia nje ya lami, kwa mfano, lina kipimo cha 1:14 (maana yake iko katika Hatua ya 4), huendeshwa kwa magurudumu yote manne na hutumia betri ya volti 7.4. Lina kasi inayotosha kumtisha jirani, kwa hiyo halifai ushoroba, lakini vipuri vyake vimeenea sana mtandaoni.

Kichezeo si kosa. Kwa mtoto wa miaka 5 ndicho chaguo sahihi, kwa kuwa hataki kutengeneza chochote na atakipoteza kabla hakijaungua. Kosa ni kununua kichezeo kwa bei ya gari la ufundi.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo na umbo

Kipimo cha 1:10 kina maana kwamba gari ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Chukua gari halisi la mita 4.5: kwa 1:10 utapata kama sentimita 45, kwa 1:18 sentimita 25, kwa 1:24 kama sentimita 19, na kwa 1:64 sentimita 7, ambalo ni gari la kuendeshwa juu ya meza. Watengenezaji hawafuati hesabu hii kwa ukali, kwa hiyo usiamini namba iliyo kwenye boksi mpaka umepima kwa utepe wako.

Anayeishi ghorofani bila ua aangalie magari ya 1:24 ya kupanda miamba. Hayana haraka, yana magurudumu manne yenye nguvu, na hupanda mito ya makochi, vitabu na viatu vilivyopangwa mlangoni. Nimeona watu wazima wakimaliza jioni nzima wakijaribu kuvusha gari la namna hiyo juu ya rundo la kuni, na hakuna kikombe kilichovunjika. Ua wa kabro unalifaa gari la 1:18 hadi 1:14. Uwanja wa mpira wa vumbi unalifaa la 1:10, lenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuka. Gari bapa la mashindano ya lami linahitaji lami safi, na hiyo utaipata tu kwenye maegesho yaliyo matupu, kwa ruhusa ya mwenye mahali.

Kuhusu magurudumu yanayosukuma: mawili hutosha kwenye sakafu na lami, ni mepesi na vipande vyake ni vichache. Kwenye udongo na nyasi chukua manne.

## Hatua ya 5: Amua juu ya mota

Mota ya brashi ina vijiti vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka, na vijiti hivyo huisha polepole. Ni ya bei nafuu, hutii vizuri katika mwendo wa taratibu, na fundi yeyote anaielewa. Mota isiyo na brashi hudumu zaidi na ina kasi kubwa kwa betri ileile, lakini inahitaji kidhibiti mwendo cha aina yake na ina nguvu za kuvunja gia ukiwa bado unajifunza. Anza na ya brashi.

Wapo pia wanaoulizia magari ya mafuta, yale yanayotoa moshi na mlio. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, wala si petroli ya kituoni. Aidha, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini iliyorekebishwa kiwandani kwa hewa nzito huja ikimeza mafuta kupita kiasi mpaka uikaze sindano ya kabureta. Kwa anayeanza, na hasa anayeishi kwenye ploti yenye majirani, ninasema hapana.

## Hatua ya 6: Chunguza betri na chaja

Hatua hii isome mara mbili. Betri ndiyo inayoamua kama gari litachezewa au litatazamwa.

Anza na hesabu ya muda. Betri huandikwa uwezo wake kwa mAh, yaani miliampea-saa. Tuseme ni ya 1,500 mAh, yaani ampea 1.5 kwa saa moja, na gari linatumia wastani wa ampea 9: gawanya 1.5 kwa 9, zidisha kwa 60, utapata dakika 10. Sasa tazama chaja. Chaja ndogo ya waya wa USB ikitoa ampea 0.5, itachukua zaidi ya saa tatu kuijaza betri hiyo. Mtoto anacheza dakika 10, anangoja saa tatu, na siku ya nne amesahau. Ndiyo maana nilitenga fungu zima la bajeti kwa ajili ya betri ya pili.

Kisha tambua aina ya betri. Kuna tatu utakazokutana nazo.

Betri za NiMH zina volti 1.2 kwa kila seli, na sita zikiunganishwa hutoa 7.2. Ni nzito, lakini ni vumilivu. Zikisahauliwa, zikichajiwa vibaya kidogo au zikianguka, mara nyingi hazilipizi kisasi. Hizi ndizo ninazozitaka nyumba yenye watoto.

Betri za Li-ion ni zile za umbo la risasi, volti 3.7 kila seli. Nyingi ni za ukubwa unaoitwa 18650. Hapa kuna udanganyifu wa wazi: seli halisi ya ukubwa huo ni nadra kuzidi 3,600 mAh, ilhali mitaani utaona zilizoandikwa 9,800. Ukiona namba hiyo, rudisha betri na umtilie shaka muuzaji kwa mengine yote.

Betri za LiPo ni bapa na laini, zimefungwa kwa plastiki, na hutoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Alama ya 2S ina maana ya seli mbili, yaani volti 7.4, 3S ni volti 11.1. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya volti 3.0, kwa kuwa ikishuka huharibika na huwa hatari kuchajiwa tena. Zinahitaji chaja inayosawazisha seli, yenye plagi ndogo ya pembeni inayoisoma kila seli peke yake.

Maonyo ya LiPo na Li-ion ni haya. Usiziache zikichaji ukiwa umelala au umetoka. Zichaji juu ya vigae au saruji, mbali na pazia, godoro na mtungi wa gesi. Betri iliyovimba isichajiwe hata mara moja zaidi. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Usizidishe kiwango cha chaja: betri ya 2,000 mAh ichajiwe kwa ampea 2 au pungufu, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo.

Kisha tazama umeme wa nyumbani. Soketi zetu hutoa volti 240, na plagi ni ya pini tatu. Shemeji yangu aliletewa gari zuri na jamaa aliyekuwa Marekani. Akachomeka chaja yake kupitia adapta ya pini, na kabla hajakaa chini nyumba ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua. Chaja ile ilikuwa ya volti 120. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti haizigusi. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja: ni lazima yaonyeshe 100–240V. Yakionyesha 110V au 120V peke yake, nunua chaja nyingine kabla hujaigusa soketi.

Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ichomeke chaja kwenye kile kifaa cha kulinda televisheni kama kipo, au uichomoe mara taa zikizimika na usubiri dakika chache baada ya kurudi.

Mwisho, tazama plagi ya betri yenyewe. Kuna ya Tamiya, ya umbo la T, XT60 na nyingine ndogo zisizo na jina la maana. Betri ya pili uinunue yenye plagi sawa na ya betri ya kwanza. Kubadilisha plagi kwa kulehemu ni kazi rahisi kwa fundi, ila akigusanisha nyaya mbili za betri iliyo na chaji, cheche zitakuwa kubwa kuliko anavyotarajia.

Umefaulu hatua hii ukijua mambo manne kwa maandishi: aina ya betri, volti zake, plagi yake, na saa ngapi chaja itachukua.

## Hatua ya 7: Jaribu rimoti

Shika rimoti, zungusha usukani wake polepole, na utazame magurudumu ya mbele. Yakifuata mkono wako kidogo kidogo, huo ni usukani wa uwiano na ndio unaoutaka. Yakiruka kushoto kabisa au kulia kabisa, bila nafasi ya katikati, huo ni usukani wa kichezeo, na kona zote zitakuwa za ghafla.

Uliza masafa ya mawimbi ya rimoti. Magari ya zamani na ya bei ya chini hutumia 27 MHz au 49 MHz. Ndugu wawili wakinunuliwa magari mawili yanayofanana ya 27 MHz, rimoti moja inaweza kuyaendesha yote mawili, na ugomvi huo hutausuluhisha. Ya 2.4 GHz hufungamana, kila rimoti na gari lake, na kundi zima linaweza kucheza pamoja. Kwa nyumba yenye watoto zaidi ya mmoja, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

## Hatua ya 8: Tafuta vipuri kabla ya gari

Andika namba kamili ya toleo la gari, halafu utafute mikono ya magurudumu (vipande vinavyoshikilia magurudumu kwenye gari), gia kubwa na shafti zake mtandaoni na kwa muuzaji mwenyewe. Usipovipata vyote vitatu, achana na gari hilo, hata kama rangi yake imekuteka. Mkono wa gurudumu la mbele ndio huvunjika kwanza, kwa kuwa ndio hukutana na ukuta.

## Hatua ya 9: Nunua kwa macho makavu

Dukani, usikubali jaribio la gari lililoinuliwa hewani. Magurudumu yasiyobeba kitu huzunguka hata gari likiwa na gia zilizolika. Omba liwekwe sakafuni, liende mbele, lirudi nyuma, lipige kona pande zote mbili. Sikiliza: mlio laini unaopanda na kushuka ni mzuri, mlio wa kukatakata kama wa kusaga karanga ni wa gia zisizokutana sawasawa. Muuzaji atakuambia, "Kastama, hii ni original," nawe mjibu kwa upole kwamba unaomba tu liguse chini. Lipa kwa M-Pesa au taslimu baada ya jaribio, na risiti iandikwe namba ya toleo pamoja na muda wa kulirudisha.

Ukinunua mtandaoni hapa nchini, chagua muuzaji anayepokea malipo baada ya mzigo kufika, na uombe video ya gari lilelile likiendeshwa. Ukiagiza kutoka nje, hesabu ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 16 juu ya bei na nauli. Jua pia kwamba betri za lithiamu, yaani Li-ion na LiPo, huwekewa masharti makali kwenye ndege, kwa hiyo gari linaweza kufika bila betri. Muulize muuzaji hilo kabla hujalipa.

Mitumba ya Toi na Gikomba ina magari mazuri kuliko watu wanavyodhani, lakini mengi hayana rimoti. Kichezeo kisicho na rimoti yake kiache hapo, maana rimoti nyingine ya 2.4 GHz haitafungamana nacho kwa sababu tu zinafanana. Gari la ufundi lisilo na rimoti ni habari nyingine kabisa: unaweza kununua rimoti na kipokezi kama jozi moja, ukavichomeka, na ukawa na gari la Tamiya au Traxxas kwa bei ya chini sana. Kabla ya kulipa, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likikwama, likiyumba au likitoa mlio wa mchanga, punguza bei au ondoka.

## Hatua ya 10: Siku ya kwanza na wiki ya kwanza

Chaji betri mpaka ijae kabla ya kuendesha. Washa rimoti kwanza, kisha gari. Ukimaliza, zima gari kwanza, kisha rimoti. Ukigeuza mpangilio huo, gari la ufundi linaweza kushika mawimbi yasiyo yake na kuondoka lenyewe. Vichezeo vingine vina mpangilio tofauti, hivyo kijitabu chake ndicho kiwe hakimu.

Weka gari juu ya mstari wa kabro na uliendeshe mita 10 bila kugusa usukani. Likivuta upande, rekebisha kwa kile kitufe kidogo cha kunyoosha kilicho kwenye rimoti. Rudia mpaka linakwenda sawa. Kama lina swichi ya kupunguza mwendo, iache chini kwa chaji tatu za kwanza za betri.

Likiendeshwa dakika 10, simama na uguse mota. Ikiwa huwezi kuikalisha kidole kwa sekunde tatu, imepata joto kupita kiasi: huenda nyasi ni ndefu mno, nywele au uzi umejizungusha kwenye ekseli, au gia zimebanana. Iache ipoe kabla ya kuweka betri ya pili.

Kila baada ya kuendesha kwenye vumbi, lisafishe kwa brashi kavu ya rangi. Usilimwagie maji, hata kama boksi limeandikwa kwamba linastahimili maji, kwa sababu mara nyingi hilo lina maana ya matone na madimbwi madogo, na beringi hushika kutu vilevile. Betri ya LiPo ambayo haitatumika wiki nzima isikae ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, na hapo ndipo ile mita ya umeme hulipa gharama yake.

Mwisho wa wiki ya kwanza, fungua kifuniko cha gia na ukaze skrubu za mota, maana ndizo hulegea mapema. Kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, kisha uzungushe kwa mkono. Karatasi ikikatika, gia zimebana mno. Ikipita bila alama, zimeachana na zitalika. Ikitoka na mikunjo ya meno bila kutoboka, kaza skrubu hapohapo na ufunge kifuniko.